Wakanada Wanaoenziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye kazi ya darasani, mwalimu anayetafuta mfano, mwandishi anayehakiki jambo kabla ya kulichapisha, na yeyote anayehamia Kanada na kukuta majina haya kwenye shule, barabara na noti. Kila mtu ameelezwa kwa kazi aliyoifanya, kwa sababu ukishamwita mtu shujaa bila kusema alifanya nini, msomaji hana cha kushika.

Nani huhesabiwa kuwa Mkanada mkuu kuliko wote?

Hakuna orodha rasmi ya serikali. Inayotajwa zaidi ni kura iliyoendeshwa na shirika la utangazaji la taifa, CBC, mwaka 2004. Wananchi walipendekeza majina, kisha wakapiga kura. Wa kwanza alikuwa Tommy Douglas, mwanasiasa wa jimbo la Saskatchewan aliyeasisi bima ya afya ya umma. Wa pili Terry Fox, kijana aliyekimbia kwa mguu mmoja kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, wa tatu waziri mkuu wa zamani Pierre Trudeau, wa nne Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini. Wayne Gretzky, mchezaji wa hoki ya barafuni ambaye mgeni angemtarajia kileleni, alikuwa wa kumi.

Itumie kura hiyo kwa tahadhari. Kumi bora wote walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Inaonyesha waliopiga kura mwaka ule walimpenda nani, basi.

Kwa nini mwanasiasa wa jimbo moja alimshinda kila mtu?

Kwa sababu Mkanada akienda kulazwa hospitali haulizwi pesa mlangoni, na jambo hilo lilianzia kwa Douglas. Alizaliwa Falkirk, Uskoti, mwaka 1904. Akiwa mtoto huko Winnipeg aliugua maambukizi ya mfupa wa mguu, na wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipa daktari bingwa. Mguu ulikuwa ukatwe. Ukaokolewa na daktari mpasuaji aliyekubali kumtibu bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake waruhusiwe kutazama. Douglas alisema baadaye kwamba mguu wa mtoto haupaswi kutegemea bahati ya namna hiyo.

Alikuwa mchungaji wa Kibaptisti mjini Weyburn, kisha akaliongoza jimbo la Saskatchewan kuanzia 1944 hadi 1961. Hakuleta kila kitu kwa mkupuo. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo lilianza kulipia kulazwa hospitali tu. Bima ya kumwona daktari ilisubiri hadi 1 Julai 1962, Douglas akiwa ameshakwenda kukiongoza chama kipya cha NDP na nafasi yake kushikwa na Woodrow Lloyd. Siku hiyohiyo madaktari wengi wa jimbo waligoma, na mgomo ukadumu siku 23. Serikali ikaita madaktari kutoka Uingereza. Mwishoni pande mbili zilikubaliana kwamba daktari abaki mtu huru mwenye kliniki yake, ila ankara aipeleke kwa serikali. Ndiyo maana hadi leo madaktari wengi wa Kanada si waajiriwa wa serikali, jambo linalowachanganya wageni.

Sheria ya taifa zima ilipitishwa mwaka 1966 chini ya waziri mkuu Lester Pearson, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yamejiunga. Sheria ya 1984 ikakata fedha za taifa kwa jimbo linaloacha madaktari wamtoze mgonjwa nyongeza juu ya malipo ya bima.

Kwa hiyo matibabu yote Kanada ni bure?

Hapana, na kosa hili huwagharimu wahamiaji wapya. Kinachofunikwa kwa hakika ni huduma ya daktari na ya hospitali. Dawa unazonunua duka la dawa, meno na miwani havikuwamo katika mpango wa msingi. Hutegemea jimbo, umri, kipato au bima ya mwajiri, ingawa tangu 2024 kuna mpango wa taifa wa meno kwa wasio na bima wenye kipato cha chini na cha kati. Pia jimbo linaruhusiwa kukusubirisha hadi miezi mitatu kabla ya kukupa kadi ya afya. Anayehamia aulize sharti la jimbo lake kabla ya kusafiri, na akikuta kuna kusubiri anunue bima ya kipindi hicho.

Insulini iligunduliwa na nani hasa?

Jibu la haraka ni Frederick Banting. Jibu sahihi ni watu wanne wa Chuo Kikuu cha Toronto: Banting, Charles Best, James Collip na J.J.R. Macleod. Inafaa kueleza kila mmoja aliingia wapi.

Ugumu wenyewe ulikuwa huu. Kongosho lina kazi mbili: kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na kutoa insulini inayodhibiti sukari katika damu. Ukilisaga kongosho zima ili upate insulini, vile vimeng'enya vinaiharibu kabla hujaipata. Usiku wa kuamkia 31 Oktoba 1920, Banting, wakati huo daktari mpasuaji asiye na wagonjwa wengi katika mji wa London, Ontario, aliandika wazo: funga mirija ya kongosho la mbwa, subiri wiki kadhaa hadi seli za vimeng'enya zinyauke, kisha toa kilichobaki.

Macleod, profesa wa Toronto, alimpa chumba cha maabara, mbwa na mwanafunzi mmoja, Best, kwa majira ya joto ya 1921. Mambo yalianza vibaya. Mbwa kadhaa walipofunguliwa tena, nyuzi zilizofungia mirija zilikuwa zimeachia, kwa kuwa zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama na mwili uliziyeyusha. Ikabidi warudie. Hata hivyo dondoo walilopata, yaani majimaji yaliyotolewa kwenye kongosho, lilishusha sukari ya mbwa waliokwisha kutolewa kongosho. Baadaye waligundua kwamba kazi ya kufunga mirija haikuwa ya lazima: kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni, likisagwa ndani ya alkoholi yenye tindikali, linatosha.

Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa kwa kisukari katika Hospitali Kuu ya Toronto, alichomwa sindano ya kwanza. Sukari ilishuka kidogo, lakini dondoo lilikuwa chafu na likamfanyia jipu. Hapo ndipo Collip, mtaalamu wa kemia, alipookoa jahazi. Aliongeza kiwango cha alkoholi hatua kwa hatua. Uchafu mwingi ulijitenga na kutua mapema, na insulini ikajitenga alkoholi ilipokaribia asilimia 90. Sindano ya 23 Januari ilifanya kazi. Thompson aliishi miaka 13 zaidi.

Collip aliwahi hata kupoteza kwa muda njia yake ya kusafisha insulini: alipojaribu kutengeneza kiasi kikubwa, haikutoka. Joto na kasi ya kukausha vilikuwa havidhibitiwi vizuri katika vyombo vikubwa. Yeyote aliyewahi kupika chakula cha watu watano kisha akaambiwa apikie mia anajua jambo hilo.

Kwa nini Tuzo ya Nobeli ya 1923 ilikwenda kwa wawili tu?

Walitajwa Banting na Macleod. Banting alikasirika kwamba Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Banting alikuwa na miaka 32, na bado ndiye mshindi mdogo kuliko wote katika Nobeli ya tiba. Haki inadai pia kumtaja Nicolae Paulescu wa Romania, aliyechapisha mwaka 1921 matokeo ya dondoo la kongosho kwa mbwa na hakupewa sehemu ya tuzo.

Ni kweli waliiuza hataza ya insulini kwa dola moja?

Ndiyo. Hataza ni haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. Kinachokosewa ni kudhani kwamba insulini iliyopo madukani leo ndiyo ileile. Ile ilitoka kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Inayotumika sasa hutengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa vinasaba, aina nyingi zilikuwa na hataza zake mpya, na bei inapangwa na viwanda. Na ijulikane wazi: insulini haiponyi kisukari. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiiacha, anakufa.

Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa 14 Novemba kwa kuwa ndiyo siku Banting aliyozaliwa, mwaka 1891, karibu na Alliston, Ontario.

Terry Fox alikimbia umbali gani, na aliwezaje kwa mguu mmoja?

Kilomita 5,373 kwa siku 143. Alizaliwa Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, akakulia Port Coquitlam, British Columbia. Mwaka 1977 aligundulika kuwa na saratani ya mfupa, na mguu wa kulia ukakatwa kama sentimita 15 juu ya goti. Hospitalini aliambiwa kwamba nafasi yake ya kupona ni asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu kabla ingekuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ililetwa na utafiti, na utafiti unahitaji fedha. Hapo ndipo shabaha ya mbio yake ilipotoka: kila Mkanada atoe dola moja, na wakati huo walikuwa takriban milioni 24.

Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wa bandia katika maji ya Atlantiki huko St. John's, Newfoundland, akaelekea magharibi. Alipanga kukimbia umbali wa maratoni, kilomita 42, kila siku. Ukigawanya jumla yote unapata kama 37.6 kwa siku, kwa kuwa kulikuwa na siku za dhoruba, magari na mapokezi ya mijini. Rafiki yake alimfuata kwa gari aina ya van ambamo walilala na kupika.

Mguu wake wa bandia ulitengenezwa kwa kutembelea. Goti lake lilichelewa kurudi mbele baada ya kila hatua, kwa hiyo Fox aliruka mara mbili kwa mguu wa kushoto kabla ya kutua wa kulia. Ukitazama picha za video utaliona pigo hilo: mbili, moja, mbili, moja. Ndiyo sababu mguu wake mzima ulibeba kazi maradufu, na kigutu kilichubuka hadi kutoa damu. Miguu ya bandia ya kukimbilia inayoonekana Paralimpiki leo, ile iliyopinda kama upinde, haikuwepo.

Tarehe 1 Septemba 1980, nje kidogo ya Thunder Bay, Ontario, kifua kilimbana akashindwa kuendelea. Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Kufikia Februari 1981 michango ilizidi dola milioni 24, yaani dola moja kwa kila Mkanada kama alivyoomba. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Tafadhali usiandike kwamba alivuka Kanada yote. Hakufika Pasifiki, na thamani yake haipungui kwa kusema hivyo.

Ninawezaje kushiriki au kuandaa Mbio za Terry Fox?

Mbio za kwanza zilifanyika Septemba 1981, na hadi leo nyingi hufanyika mwezi huo. Kushiriki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: hakuna kiingilio, hakuna kiwango cha chini cha mchango, hakuna mshindi wala saa ya kupima muda. Unaweza kukimbia, kutembea, kuendesha baiskeli au kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Njia nyingi hazizidi kilomita 10.

Anayetaka kuandaa, hasa nje ya Kanada, aanze kwa kuiandikia Taasisi ya Terry Fox kuomba idhini, miezi kadhaa kabla. Wengi hukwama kwenye matangazo ya kibiashara. Fox mwenyewe alikataa makampuni kujinufaisha kwa mbio yake, na taasisi inalisimamia hilo: nembo ya mdhamini haibandikwi kwenye fulana, bango wala mstari wa kuanzia. Kampuni inaweza kutoa maji au matunda, lakini hainunui jina. Ukianza kwa kutafuta wadhamini na kuwaahidi matangazo, utalazimika kuvunja ahadi.

Ni nani yumo kwenye noti za Kanada?

Wengi ni wafalme, malkia na mawaziri wakuu. Wanaoulizwa zaidi ni hawa. Noti ya dola 10 iliyotolewa Novemba 2018 ina Viola Desmond. Noti ya dola 100 ya plastiki ina chupa ya insulini upande wa nyuma, heshima kwa kundi la Toronto bila kumtaja mtu. Na Desemba 2024 serikali ilitangaza kwamba noti mpya ijayo ya dola 5 itakuwa na Terry Fox badala ya waziri mkuu Wilfrid Laurier. Noti ya Desmond utaitambua upesi: imechorwa kusimama wima, na nyuma ina Makumbusho ya Haki za Binadamu ya Winnipeg.

Viola Desmond alifanya nini?

Alikuwa mfanyabiashara mweusi wa Halifax, mwenye saluni na shule ya urembo. Tarehe 8 Novemba 1946 gari lake liliharibika New Glasgow, Nova Scotia, akaenda sinema kusubiri fundi. Aliomba tiketi ya chini, akapewa ya roshani, mahali walipotakiwa kukaa weusi. Aliona kwa shida kwa mbali, akakaa chini. Alipoambiwa ahame alitaka kulipa tofauti ya bei, wakakataa. Polisi walimburuta nje, akalala mahabusu.

Sehemu ya kisheria ndiyo inayostahili kusomwa taratibu. Jimbo halikuwa na sheria iliyotenga watu kwa rangi ndani ya sinema. Kwa hiyo alishtakiwa kwa kodi: tiketi ya chini ilikuwa na kodi ya senti moja zaidi ya ile ya roshani, na hakuilipa senti hiyo. Hakuwa na wakili. Alitozwa faini ya dola 20 na gharama dola 6. Kesini hapakutajwa rangi hata mara moja. Rufaa yake ilianguka kwa hoja za utaratibu.

Alifariki mwaka 1965. Tarehe 15 Aprili 2010 jimbo lilimpa msamaha kamili, wa kwanza Kanada kwa mtu aliyekwisha kufa. Msamaha wa aina hiyo unatamka kwamba hakuwa na hatia tangu mwanzo. Huitwa Rosa Parks wa Kanada, kwa jina la Mmarekani mweusi aliyekataa kuhama kiti cha basi, lakini tukio lake lilitangulia lile la Alabama kwa miaka tisa. Tunapendelea aitwe kwa jina lake.

Kati ya wasanii, nani asiyejulikana sana Afrika Mashariki lakini anastahili kujulikana?

Céline Dion, Shania Twain na Drake hawahitaji kutambulishwa. Tungemtaja Kenojuak Ashevak (1927–2013), mchoraji wa Kiinuit wa Kinngait, mji wa kaskazini uliokuwa ukiitwa Cape Dorset. Mchoro wake wa bundi mwenye manyoya yanayotawanyika kama miale, wa mwaka 1960, uliwekwa kwenye stempu ya posta mwaka 1970.

Chapa za Kinngait hutengenezwa hivi. Mchoraji huchora kwenye karatasi. Fundi huhamishia mchoro kwenye jiwe lililosawazishwa, akachonga na kuondoa kila mahali pasipotakiwa wino. Wino hupakwa kwa rola juu ya sehemu zilizobaki, karatasi nyembamba ya Kijapani hulazwa juu yake, na mgongo wa karatasi husuguliwa kwa mkono, si kwa mashine. Ukisugua kidogo wino hauingii, ukizidisha karatasi inachanika au mistari inavimba. Kwa kawaida hutolewa nakala 50. Yule bundi alitolewa 25 kwa wekundu na weusi, 25 kwa kijani na weusi. Mwaka 2018 nakala moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 200,000 za Kanada. Ukiuziwa "chapa ya Kenojuak" isiyo na namba ya nakala, mwaka na muhuri wa ushirika wao, usitoe pesa.

Na katika michezo?

Gretzky, aliyezaliwa Brantford mwaka 1961, alistaafu hoki ya barafuni akiwa na magoli 894 na pasi za magoli 1,963. Rekodi ya magoli ilivunjwa na Mrusi Alexander Ovechkin mwezi Aprili 2025. Ile ya pasi ipo: pasi zake peke yake zinazidi jumla ya magoli na pasi za mchezaji mwingine yeyote. Hakuwa na mwili mkubwa. Alipenda kusimama nyuma ya goli la wapinzani, mahali ambapo kipa hawezi kumtazama yeye na mshambuliaji aliye mbele kwa wakati mmoja.

Christine Sinclair alifunga mabao 190 kwa timu ya taifa ya soka, mengi kuliko mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, na alitwaa dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo. Clara Hughes ndiye pekee aliyepata medali zaidi ya moja katika Olimpiki ya kiangazi na ya majira ya baridi pia: mbili za baiskeli, nne za kuteleza kwa kasi.

Katika mita 100 kuna majina mawili yanayochanganywa. Ben Johnson alivuliwa dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa kutumia stanozolol, dawa ya kujenga misuli iliyopigwa marufuku michezoni. Donovan Bailey alishinda Atlanta mwaka 1996 kwa sekunde 9.84, rekodi ya dunia wakati huo, bila doa. Wote wawili walizaliwa Jamaika. Kuwachanganya ni kumdhulumu Bailey, na magazeti hufanya hivyo mara kwa mara.

Mpira wa kikapu ni wa Marekani au wa Kanada?

Ulibuniwa Marekani na Mkanada. James Naismith, mzaliwa wa eneo la Almonte, Ontario, alikuwa mwalimu wa michezo huko Springfield, Massachusetts. Desemba 1891 alitakiwa kubuni mchezo wa ndani kwa wanafunzi waliochoshwa na mazoezi ya viungo wakati wa baridi. Aliandika sheria 13, akagawa wanafunzi 18 katika timu mbili za watu tisa, akachukua mpira wa miguu na vikapu viwili vya matunda. Vikapu viligongomewa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni. Ndiyo maana hadi leo ringi iko mita 3.05: kipimo cha roshani kilibaki. Kikapu kilikuwa na kitako, hivyo kila bao lilihitaji mtu apande kuutoa mpira. Wala hapakuwa na kukimbia na mpira. Ukiudaka, unasimama na kurusha.

Alexander Graham Bell je?

Alizaliwa Edinburgh, familia yake ikahamia Brantford mwaka 1870, alifanya kazi Boston, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1882, akafa na kuzikwa Baddeck, Nova Scotia, mwaka 1922. Mwenyewe alisema wazo la simu lilimjia Brantford na simu yenyewe ikazaliwa Boston. Mwandike hivyo.

Donna Strickland alipewa Nobeli ya fizikia kwa nini?

Kwa njia ya kutengeneza mipigo mifupi sana ya leza yenye nguvu kubwa, aliyoibuni mwaka 1985 pamoja na msimamizi wake Gérard Mourou. Ukikuza mpigo mfupi moja kwa moja, unaunguza kifaa cha kukuzia. Wao waliurefusha kwanza kwa kuupitisha katika uzi wa kioo wa kilomita 1.4, makali yakapungua, wakaukuza, kisha wakaubana tena. Upasuaji wa macho kwa leza unatumia njia hiyo. Strickland, mzaliwa wa Guelph, alipewa tuzo mwaka 2018, mwanamke wa tatu katika historia ya Nobeli ya fizikia.

Kuna wenye uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki?

Wapo. Mwandishi M.G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia ya nyuklia Marekani, akahamia Kanada mwaka 1978. Alishinda Tuzo ya Giller mara mbili: 1994, mwaka ilipoanzishwa, na 2003. Riwaya zake nyingi zinasimulia maisha ya Tanganyika na Kenya, kwa hiyo msomaji wa huku anamwelewa kwa undani kuliko wengi wa Toronto.

Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohama kutoka Tanzania. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa wa Amerika Kaskazini, na watu wa Calgary humkumbuka zaidi kwa uongozi wake wakati wa mafuriko ya Juni 2013.

Jenerali Roméo Dallaire aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Tarehe 11 Januari 1994 alituma ujumbe New York kuhusu maghala ya silaha na mpango wa kuua Watutsi, akiomba kuyavamia. Alikatazwa. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi chake hadi watu 270. Alibaki na mamia machache ya askari, Waghana wengi miongoni mwao, wakilinda maelfu ya watu katika maeneo machache ya Kigali. Baadaye alizungumza hadharani kuhusu jeraha la akili alilorudi nalo, na hilo lilibadilisha namna jeshi la Kanada linavyowatazama askari wagonjwa. Yeye mwenyewe husema kazi ile ya kikosi chake Rwanda ilishindwa.

Nishani ya Kanada hutolewaje, na inaweza kufutwa?

Ilianzishwa mwaka 1967, ina ngazi tatu, na ya juu haizidi watu hai 165 kwa wakati mmoja. Mtu yeyote anaweza kumpendekeza mwingine kwa kujaza fomu ya ofisi ya Gavana Mkuu, kueleza mchango wake na kutoa majina ya watu wanaoweza kuuthibitisha. Huwezi kujipendekeza, wala kumpendekeza marehemu, wala mwanasiasa au jaji aliye kazini. Subira inahitajika: uchunguzi huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Mapendekezo mengi huwa dhaifu kwa sababu yanajaza vyeo na sifa, hayasemi nini kilibadilika kwa sababu ya mtu huyo.

Kufutwa kupo. Mfanyabiashara Conrad Black alivuliwa mwaka 2014 baada ya kuhukumiwa Marekani, na mwimbaji Buffy Sainte-Marie mwaka 2025, baada ya taarifa zilizotilia shaka asili yake. Majina ya taasisi nayo hubadilika: chuo kikuu kilichoitwa Ryerson kiliitwa Toronto Metropolitan mwaka 2022, kwa sababu ya mchango wa Egerton Ryerson katika fikra zilizozaa shule za bweni zilizowatesa watoto wa wenyeji wa asili.

Nikitembelea Kanada, niende wapi?

Nyumba ya Banting iko London, Ontario. Usikatie tiketi ya London ya Uingereza. Chumba alichoandika wazo lake kipo, na nje unawaka mwenge uliowashwa mwaka 1989, utakaozimwa tiba ya kuponya kisukari ikipatikana. Ukumbi wa Heshima wa Hoki uko katikati ya Toronto, unafikika kwa treni ya chini ya ardhi. Sanamu ya Terry Fox iko kando ya barabara kuu nje ya Thunder Bay, imeelekezwa magharibi. Kutoka Toronto ni takriban kilomita 1,400 kwa gari, siku mbili za kuendesha, na wakati wa baridi barabara hiyo hufungwa na theluji mara kwa mara, kwa hiyo nenda kati ya Juni na Septemba.